Kasha Lenye Nyuso Ishirini na Sita

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya seremala, na kwa kuwa seremala mwenyewe ndiye aliyelitengeneza, halina mahali popote pa kumchoma mtu. Kila ukingo wake umelainishwa, kila kona imepunguzwa, hata upande wa chini ambao hauonwi na kiumbe yeyote ila paka. Ndiyo sababu tukamwita Msasa. Kulia kwake hukaa Sentimita, fundi cherehani, ambaye utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata siku ya mapumziko. Kushoto hukaa Upara, kinyozi, ambaye kichwa chake hakijakutana na kitana kwa muda ambao hakuna kati yetu anayeweza kuuhesabu, na ambaye akiulizwa hujibu kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kupita zote. Mimi wenzangu huniita Kamusi, kwa kosa la kujifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na minane na kulifurahia jambo hilo hadharani. Mama Birika hutuuzia kahawa na kutukemea. Kukemea ni bure. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya Jumatano. Saa nne ilikuwa ndiyo kwanza imeingia, na binti wa Msasa alivuka barabara kutoka shuleni, amekumbatia boksi, uso ameukunja kama mtu anayerudisha maziwa yaliyoganda.

— Shikamooni, alisema, akalitua boksi katikati ya vikombe vyetu.

— Marahaba, mwalimu, tuliitikia sote pamoja.

Mwalimu hasa alikuwa bado. Alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo, yuko mazoezini, na saa nane mchana siku hiyohiyo mkufunzi wake angekuja kuketi nyuma ya darasa na karatasi ya kumpimia. Akishindwa somo hilo, angerudia mwaka mzima. Somo lenyewe lilikuwa miche, yaani yale maumbo yenye vitako viwili vinavyolingana na pande bapa katikati. Watoto waonyeshwe nyuso zake, kingo zake na vipeo vyake, wavishike kwa mikono yao. Kwa hiyo alimwagiza baba yake vigogo vitatu vya kufundishia: makasha mawili yanayolingana na kimoja chenye umbo la hema. Msasa alivifanyia kazi siku tisa. Ilikuwa mara ya kwanza binti huyo kumwagiza kitu tangu alipomwambia, miaka minne nyuma, kwamba hatairithi randa.

— Baba, wamehesabu ishirini na sita.

— Ishirini na sita nini?

— Nyuso. Asubuhi hii nimelijaribu somo na darasa la nne, ili mchana nisibabaike. Nikampa mtoto mmoja kasha, nikamwambia hesabu nyuso. Kasha lina nyuso sita, Baba. Kitabu kinasema sita, mimi nimeandika ubaoni sita. Akaligeuza, akaligeuza, akasema ishirini na sita. Nikampa mwenzake. Ishirini na sita!

— Hao watoto wana macho, Msasa alisema kwa kuridhika. Una bahati, mwanangu.

— Baba!

— Sasa nikatae? Nimezikata mimi.

Akalitoa kasha ndani ya boksi, akaliinua mbele ya mwanga kama mtu anayeonyesha picha ya harusi. Lilikuwa kasha zuri, sina budi kusema, la mti mwekundu, limepakwa vanishi mara tatu. Kila ukingo ulikuwa umekatwa mshazari, ukabaki utepe bapa wenye upana wa punje ya mchele; na kila kona ilikuwa imeguswa kwa tupa mara moja tu, pakabaki pembetatu ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga.

— Mafundi wengine huzungusha, alisema. Wanasugua tu hovyo hadi kitu kinakuwa kama sabuni iliyotumika. Mimi nakata bapa. Bapa, unaona? Huo ni mkono wa mtu.

— Naona, Baba. Na watoto nao wameona. Ndiyo shida yangu.

— Lete hapa, alisema Sentimita. Mambo ya kupima yana wenyewe.

Akalipokea kasha, akalihesabu kwa midomo. Upara akamnyang'anya kabla hajamaliza, akalihesabu kwa kidole. Nami nikapewa kwa heshima ya miwani yangu.

— Ishirini na sita, alisema Sentimita.

— Ishirini na nne, alisema Upara.

Mimi nilipata ishirini na saba, na nikasema hivyo, jambo ambalo mpaka leo wananikumbusha.

— Tazameni hawa, alisema Mama Birika. Wana karibu miaka mia tatu wakijumlishwa, na kigogo kimoja kimewashinda.

— Hakijatushinda, alisema Sentimita. Tatizo ni kwamba mwalimu anauliza swali la mbao, ilhali hili ni swali la nguo. Sikiliza, mwanangu. Kitambaa ukikikata, kina ukingo?

— Kina ukingo, baba mdogo.

— Hakina! Kina nyuzi zinazochomoka. Ukingo unakuja ukishakunja pindo na kulishona. Kabla ya pindo, kitambaa kinaisha tu, kama habari ya mlevi. Baba yako amezikunjia mbao pindo. Kabla yake zilikuwa hazina kingo, zilikuwa zinaisha. Nenda kamwambie mkufunzi wako hivyo.

— Nikimwambia hivyo nitarudia miaka miwili.

— Achana na huyo, alisema Upara. Huyo ukimwonyesha mwezi atakuuliza mshono uko wapi. Mimi nitakueleza jambo la kitaalamu. Mtu anakuja kwangu na nywele nyingi. Naanza pembeni, mkato mmoja. Hapo kichwa kimepata uso. Nakata tena juu yake, uso mwingine. Nakata tena. Kila ninapokata ninaongeza nyuso, siyo?

— Haya.

— Mpaka wapi? Mpaka hivi! Akajipiga kichwani kofi lililosikika mpaka karakana ya pili. Hiki kichwa, binti yangu, ni kasha. Limenyolewa tu sana.

— Hilo la kwamba ni kasha tulikuwa tunalijua, alisema Msasa. Tulikuwa hatujui kama lina kitu ndani.

— Cheka. Lakini yai nalo je? Yai ni kasha lililochoshwa na kuku. Mawe ya mtoni ni makasha yaliyofikiwa na maji. Kila kitu unachokiona ni duara leo, jua, mwezi, tumbo la Sentimita, kilianza kikiwa na kona, halafu pakatokea mtu kama Msasa akakihurumia.

— Tumbo langu liache.

— Nimelitaja kwa wema.

— Hata watu, alisema Sentimita, kwa kuwa hakutaka kuachwa nyuma katika jambo lililoanza kupendeza. Mtu akiwa kijana ana kona. Ukimgusa anachoma. Akioa, mke anampunguza upande mmoja. Akizaa, watoto upande mwingine. Ukimkuta ana miaka sabini, anaviringika mwenyewe. Mtazame Kamusi. Ukimsukuma pale mteremkoni atafika sokoni bila nauli.

— Nitafika kabla yako, nilimjibu, maana wewe utasimama kila mlango kuwapima watu kiuno.

— Na watu waliokufa? alisema Upara. Mbona wao wanarudishwa kwenye kasha?

Hapo sote tukageuka kumtazama, si kwa sababu ya hekima iliyokuwamo, bali kwa sababu Upara mwenyewe alionekana kushtushwa na alichokisema. Mama Birika akamwambia kwamba maneno hayo akayaseme mbali na kahawa yake.

Binti alikuwa amesimama muda huo wote. Sasa akakaa ukingoni mwa benchi, akaweka mikono magotini.

— Baba, alisema kwa sauti ya chini, saa nne na nusu hii. Saa nane yule mama wa chuo ataketi nyuma ya darasa langu. Nitasema, watoto, kasha lina nyuso ngapi. Nao watasema ishirini na sita, maana wameshahesabu. Nitasema, watoto, ukingo ni pale nyuso mbili zinapokutana, uguseni. Watagusa nini? Utepe. Kipeo ni ile ncha. Ncha iko wapi? Umeikata.

— Si uchukue boksi la viatu?

— Maboksi ya viatu ninayo. Yanabonyea. Nilitaka kitu ambacho mtoto akikishika anajua amekishika. Ndiyo maana nikaja kwako.

Msasa akalichukua kasha kutoka mikononi mwangu. Alipoongea alikuwa akiliambia hilo kasha.

— Unataka niyapige randa.

— Upande kwa upande, mpaka tepe ziishe. Yatapungua kidogo tu. Kasha moja na hema vinanitosha.

— Yatakuwa makali.

— Ndiyo ninachotaka, Baba. Ukingo uwe ukingo.

— Mlangoni kwangu, alisema Msasa, na hapa akasimama, hakijatoka kitu chenye ukingo mkali kwa miaka ishirini. Kitanda, kabati, hata jeneza. Jeneza, bwana! Mwenyewe hana habari, lakini wanaombeba wana mikono. Mtu akija hapa akaniambia Msasa nifanyie kitu kichome, namwambia nenda kwa muuza visu.

— Hakuna anayetaka kichome.

— Kona inachoma! Haiulizi ulitaka au hukutaka!

Sauti yake ilikuwa imepanda kuliko jambo lenyewe, nasi tukatazama vikombe vyetu. Mimi nimekuwa nikikaa benchi hilo tangu kabla halijapakwa rangi ya pili, na nilijua alichokuwa akikisema. Sentimita na Upara nao walijua. Miaka ishirini na moja iliyopita, ndani ya karakana hiyo, mtoto wa miaka miwili alikimbia kwenda kwa baba yake, akajikwaa kwenye kipande cha ubao, akaangukia kona ya kigoda kilichokuwa bado hakijapigwa msasa. Alishonwa nyuzi tano juu ya jicho. Daktari alisema kama ingekuwa chini kwa upana wa kidole, jicho lingekwenda. Kigoda hicho Msasa alikichoma moto siku ileile, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kulainisha vitu ambavyo hakuna aliyemwomba avilainishe.

Binti akajigusa nyusi, mahali ambapo nywele zimegawanyika na hazijakutana tena.

— Ni hii, siyo?

Msasa akaanza kulipangusa kasha kwa kiganja.

— Baba, mimi sikumbuki. Nimejaribu mara nyingi, sikumbuki kuanguka, sikumbuki kulia, wala sindano. Kwangu ni nyusi tu, imekaa vibaya. Wewe ndiye unayeumwa nayo.

— Kwa hiyo sisi, alisema Upara polepole, miaka yote hii tunakalia viti visivyo na kona kwa sababu ya nyusi moja?

— Nyamaza, wewe, alisema Mama Birika.

— Sijasema vibaya. Nashukuru. Nimekaa raha sana.

Msasa akacheka bila kutaka, cheko fupi la puani, na lilipomtoka nilijua kwamba kazi itafanyika. Hata hivyo hakuikubali kwa unyonge.

— Wana miaka mingapi hao watoto?

— Tisa, kumi.

— Hawakimbii darasani?

— Nikiwaambia wasikimbie, hawakimbii.

— Muongo mkubwa. Na ukimaliza somo, unavirudisha hapa hapa, nivimalize tena.

— Nitavirudisha.

— Na kasha moja siligusi. Nitapiga randa hili na hema. Hili jingine linabaki nilivyolimaliza. Mkufunzi wako akiuliza, mwambie baba yako anaitwa nani.

Akaingia karakana. Binti akarudi shuleni kuandika ubao wake, nasi tukahama na vikombe hadi mlangoni, maana kumtazama mtu akifanya kazi ni sehemu ya kazi yetu. Akalibana kasha kwenye jiliwa kwa vitambaa viwili ili meno ya chuma yasiliume. Akainoa randa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasukuma, na utepe wa kwanza wa vanishi na mti mwekundu ukajikunja, ukaanguka sakafuni, naye akautazama kama mtu aliyekanyaga mguu wake mwenyewe.

— Unaharibu vizuri, alisema Sentimita.

— Toka kwenye mwanga wangu.

Alipiga randa nyuso zote sita, moja baada ya nyingine, akipima pembe kwa bevu kila mara kuhakikisha kwamba hazikukosea. Kwenye vitako, ambako nyuzi za mti husimama, alipiga kutoka pande mbili kuelekea katikati ili mbao isipasuke. Saa sita na robo kasha lilikuwa tayari, dogo kidogo kuliko pacha wake, limepauka kwa kukosa vanishi, na kali. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wake nikahisi jambo ambalo sikuwa nimelihisi katika kitu chochote cha Msasa: mahali ambapo upande mmoja unakoma na mwingine unaanza, bila mazungumzo katikati. Hema nalo likafuata, likachukua saa nzima, kwa kuwa pembe za hema hazipendi haraka.

Ilikuwa yapata saa saba na robo alipoyaweka makasha mawili kwenye benchi, ubavu kwa ubavu, lililochongwa upya na lililobaki na tepe zake. Mama Birika akamimina duru nyingine. Sentimita, ambaye hajawahi kuona vitu viwili vimekaa pamoja asivipime, akayainamia.

— Ngoja kwanza, alisema. Ngoja, ngoja. Kamusi, kitabu cha mwalimu kinasemaje? Nyuso?

— Sita, nilisema, maana binti alikuwa ameniachia kitabu.

— Kingo?

— Kumi na mbili.

— Na hizo ncha?

— Vipeo nane.

— Haya, tazameni hili la tepe. Nyuso kubwa: sita. Nyuso nyembamba ndefu... Akazigusa moja moja kwa ncha ya sindano yake. Kumi na mbili! Na hivi vipembetatu kwenye kona, moja, mbili, tatu, nne, na chini nne. Nane! Sita, kumi na mbili, nane. Jumla ngapi?

— Ishirini na sita, alisema Upara, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hesabu yake ilikubaliana na ya mtu mwingine.

Msasa alikuwa akijipangusa vumbi. Akasimama kama alivyo, kitambaa hewani.

— Rudia.

Sentimita akarudia. Msasa akalichukua kasha la tepe, akaliangalia pamoja na lile kali, akaangalia tena.

— Kila ukingo nilioukata umegeuka uso, alisema. Na kila kona nayo imegeuka uso. Kumbe sikupoteza hata kimoja! Vyote vimo! Nimeviandika! Hao watoto walikuwa wanasoma kitabu kizima kwenye kasha langu, na mwalimu hakujua!

— Na mwalimu mwenyewe kazaliwa na nani? alisema Upara.

— Mimi ndiye niliyemzaa!

— Ndiyo maana.

Kelele ilikuwa kubwa. Msasa alitaka liandikwe jina lake chini ya kasha. Upara alitaka ijulikane kwamba yeye ndiye aliyeanza kusema kwamba kukata ni kuongeza nyuso, na kwa hiyo chuo kimpe cheti, au kofia. Sentimita alisema pindo ni pindo, na kwamba alilisema hilo tangu asubuhi. Katikati ya fahari hiyo alifika mwanamke mmoja ambaye hatukuwa tumemwona kabla, amebeba kiti kilichovunjika mguu, mguu wenyewe kaushika mkononi. Akangoja kwa adabu. Alipoona zamu yake haiji, akakiweka kiti chini, akasikiliza, akaelezwa habari yote na watu watatu kwa wakati mmoja. Akalichukua kasha la tepe, akaligeuza.

— Kwa hiyo hili lina nyuso ishirini na sita, alisema.

— Kamili, mama, alisema Msasa.

— Na kingo ngapi?

— Kumi na mbili. Ndizo hizi tepe.

— Hizo si umesema sasa ni nyuso?

— Ndiyo.

— Basi kingo zake ni ngapi?

Msasa akalichukua kasha, akaligeuza. Sentimita akautazama utepe wake shingoni, kana kwamba jibu limeandikwa huko. Mimi nikafungua kitabu cha mwalimu ukurasa wa arobaini, na kitabu kikaishia kwenye makasha ambayo hayajapita mikononi mwa Msasa.

— Ni nyingi, alisema Upara.

— Nyingi ni ngapi? aliuliza mwanamke, bila ubaya wowote. Alikuwa anataka kujua.

Tukahesabu. Msasa alianza peke yake, akafika kumi na tisa, akaligeuza kasha, akasahau alikoanzia. Sentimita akasema lazima mtu ashike kidole mahali pa kuanzia. Upara akaweka kidole. Wakafika thelathini na tatu, Upara akapiga chafya. Tukaanza upya, safari hii kila mmoja wetu akipewa upande wake na vidole vyake, na aliyepita njiani wakati huo aliwaona wazee wanne wamekishika kigogo kimoja kama watu wanaomtoa mbuzi kisimani, huku mwanamke mwenye mguu wa kiti akihesabu kwa sauti. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini. Hicho kidole cha nani? Changu. Kitoe. Nikikitoa tumepotea. Arobaini na moja.

Mkono mwembamba ukaingia kati ya mikono yetu, ukalichukua kasha.

— Saa nane kasoro tano, alisema binti. Ameshafika. Yuko kwa mwalimu mkuu.

Akalipapasa kasha kali, ukingo mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kidole gumba. Akaligusa na hema. Akamtazama baba yake, kisha akaviweka vyote vitatu kwenye boksi.

— Na hilo la tepe unalipeleka la nini? aliuliza Msasa. Si linakuharibia?

— Mlikuwa mnahesabu nini?

— Kingo, alisema mwanamke. Zimewashinda.

— Wote wanne?

— Tulikuwa arobaini na moja, nilisema.

Binti akacheka, cheko lilelile la puani la baba yake, akavuka barabara akiwa nusu anakimbia, jambo ambalo Msasa alilipigia kelele mpaka alipoingia getini.

Dirisha la darasa la nne linatazama barabara, na halina kioo. Kahawa ilikuwa imekwisha. Mama Birika alikuwa amegeuza birika juu chini, na kwa kawaida hiyo ndiyo ishara ya sisi kutawanyika. Hakuna aliyeondoka. Mwanamke alikaa mahali pangu, kiti chake kibovu kikiwa miguuni. Kwanza tulisikia sauti ya binti peke yake, kisha watoto wakisema sita. Wakasema kumi na mbili. Wakasema nane, na mmoja akalia «ai!», na Msasa akasimama.

— Kaa, alisema Sentimita. Amegusa kipeo.

— Amejichoma.

— Ndivyo alivyojua ni kipeo. Kaa, bwana.

Hakukaa. Somo likaendelea, na mambo mengine hatukuyasikia kwa sababu ya lori la matofali. Lilipopita, binti alikuwa anasema kwa sauti iliyotulia:

— Sasa hili jingine. Mnalikumbuka la asubuhi. Nyuso zake mnazijua. Nataka kingo. Zungushianeni, na kila ukingo mliouhesabu, wekeni alama ya chaki, tusiurudie.

— Chaki! alisema Upara, akajipiga kile kichwa chake.

Wakaanza. Darasa zima lilihesabu kwa pamoja, taratibu kwa sababu ya chaki, na sisi ng'ambo ya barabara tukajikuta tunahesabu nao, midomo tu. Walipofika ishirini nilisikia, katikati ya zile sauti nyembamba, sauti moja nzito ya mtu mzima, ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa. Ilikuwa inahesabu pia. Tukatazamana. Arobaini na moja wakaipita bila hata kupumua. Arobaini na tano. Arobaini na saba. Arobaini na nane, na watoto wakanyamaza wote mara moja.

— Arobaini na tisa, ilisema ile sauti nzito, peke yake.

Kisha ikaja sauti ya mtoto wa kike, ya heshima tupu:

— Huo una chaki tayari, mwalimu mkubwa.

Kicheko kilichotoka dirishani kilikuwa cha watoto mwanzoni. Halafu sauti nzito ikajiunga nacho, ikacheka mpaka ikakohoa, na juu ya vyote hivyo nikasikia kile kicheko cha puani ambacho wapo wawili tu wanaokicheka.

Msasa alikuwa bado amesimama, amekunja mikono, macho kwenye dirisha.

— Vanishi mara tatu, alisema. Wamejaza chaki kote.

Akainama, akachukua mguu wa kiti kutoka mkononi mwa yule mwanamke, akaingia nao karakana.